Barakoa tulizivulia chumba cha chai

Mimi ni muuguzi. Nimekaa kazini miaka 17, mingi yake katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya umma hapa Mombasa. Novemba 2020 niliambukizwa korona kazini, na mwezi huohuo akafariki mwanamke tuliyekuwa naye wodi moja. Habari hii nimekaa nayo muda mrefu. Naiandika sasa kwa sababu wodini wanaingia vijana ambao wakati ule walikuwa bado shule, na nikiwatazama wakati wa chai naona wanakaa vilevile tulivyokaa sisi.

Nianze mwanzo. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, na sisi tunaovuka Likoni kwa feri hatujaisahau jioni ile ya kwanza: umati uliobanana kivukoni ukihofia saa moja isiukute njiani, na virungu vilivyowashukia watu. Nilikuwa na sare ya kazi ndani ya buibui na kitambulisho mkononi. Usiku ule sikuogopa korona. Niliogopa kuchelewa.

Hofu yenyewe ilinijia mwezi wa tano, nilipopangiwa zamu katika wodi ya wagonjwa wa korona. Tulifundishwa kuvaa: gauni, glavu jozi mbili, barakoa ya N95 (ile ya kubana uso na kuchuja hewa), miwani, ngao ya uso. Kuvaa si shida, ijapokuwa kwa joto la Pwani jasho linakutiririka mpaka viatuni. Shida ni kuvua. Umechoka, unasikia kiu, unataka kujikuna pua, na kila unachokigusa nje ya gauni kina virusi. Kwa hiyo mwenzako alikuwa anasimama mlangoni na karatasi, anakusomea hatua moja moja. Glavu za nje. Nawa. Gauni, likunje ndani nje. Nawa. Ukiruka hatua anakusimamisha. Nilikuwa namuona msumbufu, lakini nadhani yeye ndiye aliyenilinda. Nilimaliza miezi miwili mle ndani bila hata mafua.

Mwezi wa saba nikarudishwa wodi yangu ya kawaida. Nilishusha pumzi kama aliyerudi kutoka vitani, na hapo ndipo nilipokosea.

Wodi ya kawaida ilikuwa na barakoa moja ya karatasi kwa zamu nzima. N95 zilikuwa chache na zilitengwa kwa wanaoshughulika na wagonjwa waliothibitishwa. Mgonjwa aliyelazwa kwa sukari au kwa pumu hakuhesabiwa kuwa hatari, ijapokuwa hakuna aliyempima. Na sote tulikuwa tumefundishwa habari ya matone ya kikohozi yanayoanguka karibu: kaa mbali mita moja, nawa mikono, yametosha. Mwezi huohuo wa Julai wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kulisihi Shirika la Afya Duniani litambue kwamba virusi hivi vinaelea hewani, hasa katika vyumba visivyopitisha hewa. Tuliisoma kwenye simu zetu, tukatumiana. Tuliisoma tukiwa tumekaa katika chumba cha chai, dirisha limefungwa.

Nikieleze chumba hicho, maana sehemu kubwa ya habari hii imo ndani yake. Zamani kilikuwa stoo ya shuka. Kina dirisha moja la vioo vya kukunja, ambalo lilipakwa rangi likaganda na hakuna aliyejisumbua kulifungua. Ndani mna benchi mbili zinazotazamana, na magoti ya waliokaa yanakaribia kugusana. Saa nne asubuhi tunaingia sita, saba, barakoa zinashuka kidevuni, chupa ya chai inazunguka. Na mahamri ya Shangazi.

Shangazi alikuwa mfanyakazi wa usafi. Hakuwa ameajiriwa na hospitali. Aliletwa na kampuni iliyopewa kazi ya usafi. Umri wake ulikuwa wa kuweza kumzaa karibu kila mmoja wetu, na kila mtu alimwita hivyo, kuanzia daktari mpaka bawabu. Alikuwa anaamka saa tisa za usiku kukaanga mahamri kwake Kisauni, anakuja nayo katika ndoo ndogo ya buluu iliyofunikwa kanga, mbaazi za nazi kando. Ukichelewa wodini anakuja mlangoni: "Sista, njoo ule kabla hayajapoa." Akishakuuzia, naye anakaa pembeni ya benchi na kikombe chake. Ndani ya chumba kile hapakuwa na cheo. Tulikuwa tunajisifia jambo hilo.

Jumatano, tarehe 4 Novemba, mwenzetu mmoja aliingia anakohoa. Akasema ni mafua tu, jana yake mvua ya vuli ilimnyeshea akingoja matatu. Ndani yangu nilijua. Muuguzi aliyekaa miezi miwili katika wodi ya korona anakijua kikohozi kile kikavu. Sikumwambia kitu. Zamu iliyotaka watu sita tulikuwa watatu, na kumwambia aende nyumbani ilikuwa sawa na kujiongezea vitanda vyake juu ya vyangu. Hata yeye simlaumu. Kwetu mtu akipiga simu kwamba anaumwa, anayesikika ni yule aliyewaachia wenzake kazi.

Tarehe 9, Jumatatu, nikaamka koo linawasha kana kwamba nimevuta unga wa pilipili. Nikameza panadol mbili nikaenda kazini. Jumanne vilevile. Siku zote mbili saa nne iliponikuta nilikaa benchi, nikala mahamri yangu, nikazungumza, nikacheka. Shangazi alikuwa mkono wangu wa kulia.

Leo najua kwamba siku hizo ndizo mbaya kuliko zote. Mwenye korona huambukiza zaidi kuanzia kama siku mbili kabla ya dalili mpaka siku chache za mwanzo wa dalili, wakati ule ambao bado anajiambia ni uchovu. Dalili zenyewe kwa wengi hutokea baada ya kama siku tano tangu kuambukizwa. Hesabu siku kutoka tarehe 4 hadi 9.

Nilichokipuuza kooni kilinishika jikoni. Jumatano asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa mama. Yeye yuko sebuleni, akauliza, "Mwanangu, mbona unaunguza?" Nikatazama sufuria. Uji umeshika chini, moshi unapanda, mimi nimesimama juu yake sisikii harufu yoyote. Nikavuta kitunguu nikakiweka puani. Hakuna. Nikachukua chupa ya marashi. Hakuna. Nikatoka nje na uji nikauacha, nikampigia dada yangu simu aje amchukue mama sasa hivi, asiingie ndani.

Mama ana sukari na presha, na siku zote hizo nilikuwa nimempikia, nimemsugua miguu. Dada alimpeleka Msambweni, akakaa peke yake chumbani siku 14. Kila asubuhi nilikuwa nasubiri simu ile na moyo umesimama. Hakuumwa, alhamdulillahi. Ushauri wangu kwa mtu wa wodini anayeishi na mzazi mgonjwa ni kwamba mpango wa nani atamchukua nani, na kwenda wapi, ufanywe mkiwa wazima. Sisi tuliufanya barabarani, mimi upande huu, mama amesimama upande wa pili na mfuko wa dawa zake haujakamilika.

Nilipimwa siku hiyohiyo. Majibu yakatoka Jumamosi: nina kirusi. Jioni akanipigia afisa wa afya ya umma, kijana mpole, mwenye sauti ya mtu asiyelala. Akaniuliza: siku mbili kabla ya dalili mpaka leo, umekaa karibu na nani? Nikataja mama na dada. Akauliza, na kazini, wafanyakazi wa wodi? Nikataja wauguzi, matabibu, daktari wa zamu. Majina manane. Akayaandika, akanisomea, nikasema ndiyo, ni hao.

Shangazi sikumtaja.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Sikumficha, wala sikuwa na sababu ya kumficha. Nilipoulizwa wafanyakazi wa wodi, kichwani mwangu wakaja wanaoandikwa kwenye rota ya zamu, na jina lake halikuwahi kuandikwa humo. Wale wanane walipimwa ndani ya siku tatu, wawili wakakutwa nacho. Shangazi aliendelea kufagia.

Ugonjwa wenyewe nitausimulia kwa ufupi, ila kuna makosa mawili ambayo ningependa uyakwepe. La kwanza ni dawa. Siku ya pili tangu harufu inipotee mwenzangu mmoja alinitumia orodha kwenye simu: azithromycin, dexamethasone, vitamini, majani ya mwarobaini ya kujifukiza. Nilimeza vyote kwa hofu. Dexamethasone ilikuwa imepata sifa tangu Juni 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulipoonyesha kwamba inapunguza vifo. Tulichokiruka ni sehemu ya pili ya taarifa hiyo: ilisaidia wagonjwa waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia, na kwa asiyehitaji haikuonyesha faida yoyote. Nilikaa siku nne bila usingizi, moyo unadunda, mpaka daktari ninayemheshimu aliponikaripia nikaacha. Sisi wahudumu wa afya tuna ugonjwa wa kujitibu, na kabati la dawa tunalijua njia.

La pili ni kudhani wiki ya kwanza ikipita umepona. Nilinunua kipima oksijeni, kile cha kubana kidoleni, kwa shilingi 4,500, na siku saba zote kilisoma 97, 96 kwa mia ya oksijeni katika damu. Nikaanza kufua. Siku ya tisa tangu harufu inipotee nilitoka bafuni nikakiweka kidoleni, kikasoma 91. Sikuwa nahema. Sikuhisi kitu zaidi ya kichwa chepesi. Korona inaweza kukushusha hewa taratibu bila wewe kujua, kwa hiyo pima ukiwa umekaa, kisha tembea chumbani dakika chache upime tena. Ukisoma chini ya 94, usingoje kukuche.

Nililazwa siku sita, nikawekewa oksijeni, nikalala kifudifudi saa nyingi kwa siku, kidevu juu ya mto, mate yananichuruzika. Nimewahi kuwaambia wagonjwa kama mia "vumilia mama, geuka." Sikujua kwamba unapolala hivyo unachokiona ni viatu tu. Unamjua muuguzi kwa viatu vyake, na unamsikia akikupita.

Ni huko ndiko nilikoambiwa, na mhudumu aliyekuja kupiga deki. Nikamuuliza kwa nini ni yeye, Shangazi yuko wapi. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba Shangazi amelazwa hospitali nyingine, hali si nzuri, alianza kukohoa Jumamosi ile. Jumamosi ile ndiyo niliyopata majibu yangu. Alikuja kazini Jumatatu na Jumanne pia, kwa sababu kibarua asiyefika halipwi siku hiyo.

Alifariki Ijumaa, tarehe 27 Novemba 2020. Nilikuwa nimerudi nyumbani siku mbili. Alizikwa kwa taratibu za wakati ule, watu wachache, na mimi sikuwepo.

Kama ni mimi niliyemwambukiza, au ni yule mwenzetu wa tarehe 4, au ni mgonjwa ambaye Shangazi alifagia chini ya kitanda chake, hakuna kipimo kitakachosema. Watu wamenipa faraja nyingi kwa hilo, nami nawashukuru. Lakini kama ningelitaja jina lake Jumamosi ile, angepimwa wiki hiyo, angepumzishwa, na kipima oksijeni kingefika kidoleni mwake siku kadhaa mapema. Hilo halihitaji maabara.

Desemba wauguzi na matabibu waligoma kwa ajili ya vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari, na madaktari wakafuata. Nilikuwa bado napanda ngazi kwa kushika ukuta. Nilirudi kazini mwishoni mwa Januari, na cha kunisumbua hakikuwa pumzi tena bali kichwa: nilikuwa naweza kusimama mbele ya kabati la dawa nisijue nimefuata nini. Nilimwomba msimamizi wa wodi kwamba kila hesabu yangu ya dozi ya sindano ihakikiwe na mtu wa pili. Aliniruhusu. Ukirudi na hali hiyo, sema, na uombe kazi nyepesi kwa barua. Kuona haya hapa kunaweza kumdhuru mgonjwa. Machi 2021 chanjo za kwanza zilifika nchini, zaidi kidogo ya dozi milioni moja za AstraZeneca, na wahudumu wa afya tukawekwa mbele ya foleni. Nilipokuwa nashusha mkono wa gauni nilikuwa nahesabu miezi tangu Shangazi afariki. Mitatu na siku chache.

Sasa habari ya karatasi, ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha chuoni.

Nilipoomba ugonjwa wangu uhesabiwe kuwa umetokana na kazi, swali la kwanza nililoulizwa ni hili: utathibitishaje kwamba hukuupata kivukoni? Si swali la ubaya. Mimi huvuka na mamia ya watu kila siku. Ningekuwa bado katika wodi ya korona hakuna ambaye angeniuliza. Lakini niliambukizwa mahali tulipopaita salama, na mahali pa salama hakuna anayeandika kitu. Kitabu cha matukio hakikuwa na mstari hata mmoja wa tarehe 4. Rota ya Novemba ilikuwa imebanduliwa ukutani. Kilichoniokoa ni picha ya rota hiyo iliyotumwa kwenye kundi letu la simu mtu alipokuwa anaomba kubadilishana zamu, majibu ya vipimo ya wenzangu wawili, na maelezo ambayo yule mwenzetu aliyekohoa alikubali kuyaandika na kuyatia sahihi. Lile lilikuwa jambo la kiungwana, na alilifanya huku analia. Likizo yangu ikahesabiwa ya ugonjwa wa kazini, na katika shilingi 71,000 nilizotumia nikarudishiwa 38,600.

Kwa hiyo fanya haya siku hiyohiyo, kabla homa haijapanda. Andika katika kitabu cha matukio ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, umevaa nini. Piga picha ukurasa huo na rota. Taarifa kwa mkubwa wako iwe ya maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba majibu ya kipimo kwenye karatasi, maana ujumbe wa simu hupotea na simu. Na ujue kwamba Kenya kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA. Inagusa pia magonjwa yanayotokana na kazi, na haimwachi nje kibarua. Madai yana mwaka mmoja. Ukipita, umepita.

Huo mwaka mmoja ndio ulionipeleka Kisauni, Oktoba 2021. Nilikuwa nimesikia kwamba kampuni ya usafi imewajibu watoto wa Shangazi kuwa mama yao hayumo katika orodha ya waliokaribiana na mgonjwa hospitalini, kwa hiyo hakuna kinachoonyesha aliugua kazini. Orodha hiyo niliitunga mimi, kwa mdomo wangu.

Binti yake alinipokea. Alikuwa na miaka 22, sauti ni ya mama yake kabisa. Nilikuwa nimeandika maelezo kurasa mbili na nimeyasoma usiku kucha. Yalisema kwamba tarehe 4, 9 na 10 Novemba 2020 marehemu alikaa nasi ndani ya chumba kimoja kisicho na hewa, bila barakoa, watu wawili katika hao tayari wakiwa na dalili, na mmoja ni mimi. Yalisema kwamba nilipoulizwa nilikaa na nani, sikumtaja, na kwamba kutotajwa kwake ni kosa langu, alikuwepo. Nilimwambia hayo kwa mdomo kwanza, kabla ya kumpa karatasi. Alinyamaza kitambo. Akasema, "Alikuwa anakusifu wewe, sista. Alikuwa anakwekea yale makubwa."

Akaisoma karatasi yote, akarudia ukurasa wa kwanza. Kisha akaniuliza kama nina kalamu. Nikatazama alipoweka kidole. Mahali pa jina la marehemu nilikuwa nimeandika "Shangazi," na baada yake nimeacha nafasi, kwa sababu miaka sita nilikula mahamri ya yule mama na jina lake sikulijua. Binti akalijaza mwenyewe, majina matatu, kwa herufi kubwa, akaniomba niandike upya ukurasa wote ili jina lisionekane limebanwa.

Niliuandika palepale, juu ya meza ya jikoni, ndoo ya buluu ikiwa rafuni. Tukayawasilisha Jumatatu, tarehe 15 Novemba 2021, siku 12 kabla ya mwaka kutimia. Karani akagonga muhuri kwenye nakala ya binti.